Kayamba la Fundi Sofa

Nyumba yangu na nyumba ya Fundi Sofa zinatenganishwa na ukuta mmoja wa matofali, na huo ukuta ndio ulionisikilizisha muziki wa bure miaka nenda miaka rudi. Kualikwa sikualikwa. Alimwambia mkewe kwamba mimi ni redio isiyo na kitufe cha kuzimia, na kwamba sebule yake ni ya watu wanaojua kunyamaza. Neno hilo lilinifikia siku hiyo hiyo, kwa sababu mkewe ndiye shoga yangu, na mimi ndiye ninayemsuka. Sikukasirika. Haya, nilikasirika, lakini nikanyamaza ili aone kwamba naweza.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza sofa, mpya na za zamani. Karakana iko uani kwake, banda la mabati, na humo mna msumeno wa umeme wa kukatia fremu, pampu ya upepo inayonguruma kuanzia asubuhi, na ile bunduki ya pini ambayo kila ikifyatuka unashtuka hata kama ulikuwa unaitazama. Masikio hakuwahi kuyaziba. Binti yake aliyeolewa mbali alimletea vifuniko vya masikio, vizuri kabisa, akavitundika msumarini vikala vumbi. Alisema fundi asiyeisikia pini ikiingia kwenye mbao hawezi kujua kama imeingia au imepinda.

Alikuwa na majivuno ya aina moja tu kazini. Kabla ya kuchana kitambaa cha sofa la mtu, huingiza mkono kwenye ule mfereji kati ya mto na mgongo na kutoa kila kilichodondokea humo: vitana, hereni mojamoja, vifungo, kalamu, kijiko. Kisha anakueleza nyumba yako. "Niletee sofa lako, nitakuambia mnaishije." Kuna mama mmoja aliyeambiwa na Fundi kwamba mumewe amerudia sigara, kwa sababu alikuta njiti za kiberiti upande anaokaa bwana. Ilikuwa kweli. Sofa lao likarudi zuri, ndoa sijui.

Sofa la kwake mwenyewe lilikuwa limechoka, kama yalivyo masofa ya mafundi wote. Lakini aliyeingia sebuleni humo hakutazama sofa. Alitazama spika. Aliziunda kwa mikono yake, mbao ngumu iliyopigwa msasa mpaka inateleza, mbele amezivika kitambaa cha kijivu, zimesimama pembeni mwa dirisha zikiwa na kimo cha mtoto wa shule. Katikati yake iko amplifaya ya zamani yenye taa ya kijani na vitufe vya kuzungusha: cha sauti, cha besi, na cha zile sauti nyembamba, ambacho wenyewe wanakiita trebo. Waya zilipita chini ya zulia, zimenyooshwa kama mshono.

Jumapili baada ya chakula cha mchana wageni wake waliingia. Walikuwa wachache, na ni wale wale: Mwalimu, rafiki yake wa ujana ambaye sasa amestaafu; Dereva, aliyeendesha lori la saruji; na Karani wa mahakama, mwenye sauti ya kunong'ona kama vile hakimu bado yuko chumbani. Kila mtu alileta wimbo mmoja. Wimbo wako ukifika, unahamia katikati ya sofa, pale ambapo sauti za spika mbili zinakutana, na wengine wote wanafumba midomo mpaka uishe. Ukiisha unaeleza kwa nini unaupenda. Hakuna kucheka wimbo wa mwenzako. Na hakuna mkono wa mtu yeyote unaogusa amplifaya isipokuwa wa mwenye nyumba, aliyekaa kwenye kigoda kando yake, macho kafumba, vidole kwenye vitufe.

Mtu akiniuliza kwa nini jambo hili lilikuwa kubwa kwake, jibu ninalo. Wiki nzima aliingia majumba ya watu kwa mlango wa nyuma, sofa begani, huku akiambiwa vua viatu, usiguse ukuta, pitia huku. Jumapili watu walipita mlango wake wa mbele, wakakaa walipoambiwa wakae, wakamngoja yeye azungushe kitufe. Hakuwa na kingine. Hakuwa mtu wa siasa, wala wa mpira, wala wa pombe. Ukimnyang'anya Jumapili ile, aliyebaki ni mzee mmoja tu mwenye pini kwenye meno.

Muziki wa mtandaoni uliletwa na shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwanamume mwenye ndevu zake aliyetengeneza simu sokoni. Zamani walikuja na kanda na sidii, na Mwalimu akileta ile ile kila mara. Shemeji akaja na kijisanduku cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni, akakiunganisha na amplifaya, akaunganisha waifai, na tangu siku hiyo kila mtu akawa anatoa wimbo kwenye simu yake na kuutia kwenye foleni. Wakaanzisha na grupu kwenye simu la kupeana nyimbo katikati ya wiki. Shemeji akapewa kiti chake, kile cha dirishani. Mkewe Fundi alikuwa na chake pia, karibu na mlango wa jikoni, ila wimbo wake haukuwahi kuingia kwenye foleni. Simu yake ilikuwa ya vitufe, na hakuna aliyemuuliza.

Sasa nifike kwenye kayamba. Wimbo wa Fundi Sofa mwenyewe ulikuwa wa dansi, wa bendi ambayo wapigaji wake wengi wameshazikwa. Ubeti wa kwanza ni gitaa na sauti ya mtu. Ubeti wa pili kayamba linaingia, polepole, kama mtu anayepepeta mchele chumba cha pili. Alipofika hapo alikuwa akiinua kidole, na uso wake, anasema shoga yangu, ulikuwa uso wa siku aliyokuja kumposa.

Ikafika Jumapili akainua kidole na kayamba halikuja.

Wengine walilisikia. Yeye hakulisikia. Akaurudia wimbo, akaurudia tena, kisha akatoa hukumu: mtandao umekula kayamba. Akawaeleza kwamba nyimbo zikipitishwa hewani zinabanwa, na kikibanwa kitu, kinachotoka kwanza ni kile chembamba. Wageni wakaitikia kwa vichwa. Mwalimu, mtu aliyewasahihisha watoto wa watu maisha yake yote kwa wino mwekundu, akaitikia pia. Fundi akaongeza trebo kidogo. Jumapili iliyofuata akaongeza kidogo tena.

Shemeji ndiye aliyeelewa wa kwanza kinachoendelea, na alikuwa na dawa mkononi. Kwenye simu yake kulikuwa na programu inayoendesha kile kijisanduku, na ndani yake mna mistari ya kupandisha na kushusha, besi upande huu, sauti nyembamba upande ule. Mzee akipandisha kule kwenye amplifaya, yeye anashusha huku kwa kidole gumba, kimyakimya, kama mtu anayejibu ujumbe. Hivyo sebule ikabaki shwari. Wageni waliendelea kufurahia muziki wao, na mzee aliendelea kulitafuta kayamba lake asilipate. Wote walijua isipokuwa yeye. Shoga yangu alinieleza haya akiwa amenigeuzia kisogo, nikimsuka, na nilimwuliza kwa nini hawamwambii. Akasema, "Utamwambiaje mtu wa muziki kwamba hasikii?"

Nikamwambia mimi ningemwambia. Akasema, "Ndiyo maana hukualikwa." Nikamvuta nywele kidogo, akalia, tukayaacha.

Mambo yakaharibika Jumapili moja Karani alipochelewa na shemeji akatoka kumfungulia geti. Simu yake ilibaki mezani, inawaka. Fundi akaichukua ili aruke wimbo uliokuwa unarudiwa, akakutana na ile mistari.

Shemeji aliporudi alimkuta amesimama.

"Hii ni nini, shemeji?"

"Ni programu tu, shemeji."

"Kwamba ni programu naona. Mistari hii ya mwisho huku, mbona imelala chini?"

Shemeji akanyoosha mkono aichukue simu, hakupewa.

"Nakuuliza mbele za watu. Nani kaishusha?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Shemeji akamtazama dada yake pale mlangoni pa jikoni. Neno lilikuwa kinywani mwake, lingetoka tu kama angepewa ruhusa. Dada yake akatikisa kichwa, kidogo sana.

"Niliona muziki unakaa vizuri hivyo," akasema.

"Unakaa vizuri kwa nani? Muda wote huu nalitafuta kayamba langu, kumbe umelikalia wewe. Ndani ya nyumba yangu, kwenye kiti changu, chai yangu mkononi." Akamrudishia simu. "Amplifaya hii haiguswi. Wewe umeigusa kwa uficho. Toka, na kijisanduku chako kikikuuma, beba."

Kijisanduku hakukibeba. Alivaa viatu vyake akaondoka, na wale wanaume watatu wazima, wenye masikio mazima, wakatazama zulia. Watu wema wananiudhi kuliko wabaya. Mtu mbaya angesema neno pale, likauma, likapona. Wao walimezea, wakaona wamefanya hisani.

Fundi alimwambia Dereva aifungue programu ile ile kwenye simu yake mwenyewe, amnyooshee mistari, kisha akauanzisha wimbo wake upya. Ubeti wa pili ukafika, akainua kidole, na kayamba likaja. Shoga yangu anasema macho yalimjaa machozi. "Mnasikia?" akauliza. "Mnasikia jamani?" Wakasema wanasikia. Hata mimi nilisikia, na naomba mnielewe: ukuta ule siku zote haupitishi kitu ila besi. Siku ile kayamba lilivuka matofali, likanikuta nimekaa kitandani nashona mkeka, meno yakaniuma.

Akamtia shemeji kwenye orodha ya wanafiki, asitajwe nyumbani kwake. Kile kiti cha dirishani akakipakia sanduku la kanda za zamani, asikikalie mtu. Shoga yangu alikuwa akimwona mdogo wake sokoni tu, wakisimama kando ya banda kama wadaiwa, mpaka naye akahama kibanda, akaenda mji mwingine.

Na masikio hayakusubiri. Yaliendelea kwenda, na trebo ikaendelea kupanda. Sasa hapakuwa na mtu wa kushusha.

Siku moja shoga yangu akaja kuniomba pamba. Nikampa, nikadhani ni ya kutolea rangi ya kucha, ingawa kucha zake sijawahi kuziona na rangi. Akaja tena, safari hiyo akaondoka na bunda zima. Nilikuwa na mteja kichwani, sikuuliza.

Wageni wakaanza kupungua. Dereva alipata safari za Jumapili. Karani alipata mgongo. Mwalimu alivumilia zaidi kwa ajili ya ujana wao, kisha naye akasema daktari amemkataza kukaa muda mrefu. Fundi alibaki na mkewe, wamekaa kwenye sebule iliyopangwa viti, anamchezea wimbo, anauliza, "Umesikia hapo?" na mkewe anasema amesikia. Kwenye grupu alikuwa akitia nyimbo asubuhi na jioni, na picha za waya mpya alizonunua, na maelezo marefu ya namna ya kuweka spika mbali na ukuta. Majibu yalikuwa vidole gumba. Baadaye hata vidole vikaisha.

Siku moja Fundi alikutana na Karani kwenye duka la vifaa vya umeme, Karani kabana kwapani waya wa spika. "Hongera, umenunua spika?" akamwuliza. Karani, ambaye kusema uongo ghafla hajui, akajibu, "Za Mwalimu hizi." Kisha akajiuma, lakini lilishatoka. Kwa Mwalimu palikuwa na spika mbili ndogo juu ya kabati la vitabu, shemeji alizifunga kabla hajahama, na Jumapili walikuwa huko. Grupu jipya pia lilikuwepo.

Karani akaona lazima aongeze kitu, akashika lililokuwa karibu. "Si kwa ubaya, fundi. Ni huu mgongo. Viti vya Mwalimu ni vipya, vinanishika vizuri. Lile sofa lako, usinichukie, limebonyea."

Nawaambia, mtu mwingine angejua ni kisingizio. Huyu alikuwa fundi wa sofa. Alirudi nyumbani karibu anakimbia. "Ni sofa!" akamwambia mkewe. "Mama, watu wanaumia migongo, na mimi nimekaa hapa nawalaumu. Fundi mzima, nimewakalisha watu kwenye springi!" Shoga yangu anasema hakumwona na furaha ya namna ile tangu kayamba liliporudi. Alikuwa jikoni, akaendelea kukata vitunguu, akashukuru kwamba ni vitunguu.

Akapiga simu kwa mmoja mmoja. Aliongea yeye tu, kwa sababu ya upande wa pili hakuwa anayapata vizuri. Jumapili ijayo, sofa jipya, sponji ngumu, kitambaa cha daraja la kwanza, njooni mkae. Aibu ikawashika, wakakubali wote.

Jumamosi asubuhi akatoa sofa na viti vyote uani. Ukuta wetu wa uani ni mfupi, unafika kifuani, na shoga yangu alikuwa kwangu nimeshamsuka upande mmoja, apendeze kwa ajili ya wageni. Tukawa tunamwona. Alikuwa anapiga mluzi. Akainamisha sofa, akachukua koleo la kung'olea pini, halafu akakumbuka desturi yake na kuingiza mkono kwenye mfereji.

Nilimwona akitoa kitu, akakitazama kwenye kiganja. Akaingiza mkono tena. Mluzi ukakatika.

Vilikuwa vipande vya pamba, vimeviringishwa vikawa saizi ya harage, ncha moja nyeupe, ncha nyingine imeingia njano. Upande wa Mwalimu akavitoa, akaviweka juu ya kitambaa cha zamani. Upande wa Dereva akatoa vingine, akaviweka peke yake. Katikati ya sofa, mahali pa heshima, akatoa vingi. Kiti cha Karani. Alikuwa anavipanga kwa viti, kama anavyopanga siku zote vitu vya nyumba za watu, na nafikiri alikuwa ameshaanza kuisoma nyumba kabla hajataka. Kiti cha shemeji alikuta kifungo cha shati na maganda ya karanga, basi. Mwisho akafikia kiti cha karibu na mlango wa jikoni. Hapo alitoa, akatoa, akatoa, mpaka akakaa chini.

"Mama!"

Shoga yangu akaenda vile vile, nusu kasukwa, nusu kichwa kimesimama. Mimi nikasogea ukutani. Sikualikwa, lakini ukuta ni wangu pia.

"Hizi ni nini?"

"Pamba."

"Pamba naijua, ndiyo kazi yangu. Nauliza ni nini."

"Za masikioni, mzee."

"Za nani?"

"Za wageni. Na zangu."

"Nani aliwapa?"

"Mimi. Nilikuwa naziweka kwenye kisosi, chini ya kikombe. Wimbo ukianza unafumba macho, wanazitia. Ukikaribia kuisha wanazitoa."

Akaliangalia lile rundo la mkewe. "Tangu lini?"

"Tangu ulipomfukuza mdogo wangu. Yeye alikuwa anashusha ili sisi tuweze kukaa."

Akachukua kipande kimoja kwenye rundo lile, akakiviringisha kati ya vidole. Halafu akasema, "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia birika linapiga filimbi, ukasema halijachemka. Nilikuambia mjukuu anakuita, ukasema hajakuita. Ukanikasirikia. Na ningekuambia hili, ungeuza spika siku hiyo hiyo, nakujua. Halafu Jumapili ungekuwa nani?"

Nilitegemea apige kelele. Ningependa angepiga. Badala yake alisema, "Nipigie shemeji."

Akampigia kwa simu ya mzee, akampa. Nikamwona anaibana sikioni, anaihamisha sikio la pili, anainama, mkono kwenye paji la uso. "Shemeji," akasema. "Shemeji, mimi ni... shemeji, sikupati." Sauti ya simu ni nyembamba, ile ile aina ya kitu asichokuwa nacho tena. Akamrudishia mkewe. Mkewe akasikiliza, akasema "ndiyo," akasema "sawa," akakata.

"Anasemaje?"

"Anasema hana neno. Yameisha."

Fundi akaitikia kwa kichwa, akapangusa uso kwa mkono wenye vumbi la sponji. Shoga yangu akarudi kwangu nimalize upande wa pili. Nilianza kusuka, naye akaniambia mdogo wake alisema nini hasa. Alisema, "Dada, nilifukuzwa mbele za watu, na wewe ndiye uliyetikisa kichwa. Sina la kuzungumza naye. Na wewe nipumzishe." Kisha akalia, na safari hii sikuwa nimemvuta nywele.

Sofa alilimaliza siku ile ile. Nilisikia pampu na bunduki ya pini mpaka magharibi, na nasema kweli, sijaona sofa lililoshonwa vizuri namna ile, wala kabla wala baada.

Jumapili wakaja wote. Kabla hawajaingia alimwita mkewe asimame kando ya amplifaya. Akatia wimbo, akaanza kurudisha trebo nyuma, taratibu. "Uniambie," akasema. Akarudisha. Akarudisha tena, akimtazama midomo. Kwake yeye chumba kilikuwa kinafungwa mlango baada ya mlango. "Hapo," mkewe akasema. Akauliza kama ana hakika. Akasema ana hakika. Akaondoa mkono.

Visosi vilipita bila pamba. Mwalimu akaweka wimbo wake wa siku zote, akahamia katikati, akausikiliza mpaka mwisho na hakufikicha sikio. "Leo umesawazisha, fundi," akasema. "Miaka hii yote, leo ndiyo umeuweka unavyotakiwa." Karani akalisifia sofa, akasema mgongo umepona. Dereva akacheka kwa sauti. Ilikuwa Jumapili nzuri kuliko zote walizowahi kuwa nazo humo ndani, kila mtu anakubali.

Ikafika zamu ya mwenye nyumba. Akakaa katikati ya sofa lake jipya, akafumba macho. Ubeti wa kwanza ukapita. Wimbo ule alikuwa anaujua kwa moyo, na palipofika mahali pa kayamba aliinua kidole, pale pale penyewe.

"Mnasikia?" akauliza.

"Tunasikia," wakasema, na kwa mara ya kwanza tangu pamba zianze hawakuwa wakimdanganya.

"Hata mimi," akasema.

Jumatatu nilikuwa uani naanika mataulo ya saluni. Akaja kwenye ukuta, akasimama, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Jirani," akasema, "hivi wewe ukiwa huko ndani kwako, muziki wangu unausikiaje?"

Nikafikiri nimpambe kidogo, nikaona nyumba ile imepambwa vya kutosha. "Besi tu," nikamwambia, nikipaza sauti na kumwonyesha uso wangu. "Besi, na kama mtu anaongea ndani ya pipa. Ni ukuta huu."

Akaugonga ukuta kwa kiganja, mara moja.

"Basi tunasikia sawa," akasema, akaenda kuwasha pampu.